Mtoto akigongwa kichwa uwanjani: mwongozo kamili kwa makocha na wazazi wa Lamu

Kosa ni lile lile kila msimu. Mvulana wa miaka 13 anaruka kugombea kona, anagongana kichwa na mwenzake, anaanguka. Anamwagiwa maji, anaulizwa "Uko sawa?", anaitikia kwamba yuko sawa, watu wanapiga makofi, anarudi ndani. Baada ya magharibi anatapika nyumbani, na mama yake hajui hata kwamba aligongwa.

Mwongozo huu umeandikwa ili mnyororo huo ukatike. Unahusu mambo mawili: kupunguza kugongana kabla hakujaleta madhara, na kumshughulikia mtoto akishagongwa. Umepangwa kwa mpira wa miguu, lakini hatua ya 4 hadi ya 9 ni zile zile kwa netiboli, raga, hata mtoto aliyeteleza gatini.

Neno moja kwanza. Mtikisiko wa ubongo ni ubongo kuyumba ndani ya fuvu kwa nguvu kiasi cha kuvuruga kazi yake. Kichwa si lazima kiguswe. Kugongwa kifuani hadi shingo ikatikisika kunatosha. Wengi hawazimii. Wengi hawana hata nundu. Ndiyo maana macho ya kocha ni muhimu kuliko damu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya filimbi

- Filimbi, na simu yenye chaji na salio.
- Daftari lenye jina la kila mtoto, umri, namba mbili za wazazi, na kama amewahi kugongwa kichwa.
- Kadi ya dalili za hatari (zimo hatua ya 5), iandikwe kwa mkono na kufunikwa kwa nailoni.
- Barafu, hata zile zinazouzwa majumbani kwa watoto, na leso mbili. Moja ya kufungia barafu, nyingine ya kumsitiri mtoto.
- Ubao mpana au machela. Mji wa Lamu hauna gari la kufika uwanjani, kwa hivyo mgonjwa atabebwa na watu.
- Pampu yenye kipimo.
- Mifuko minne ya mchanga na kamba, kwa magoli yasiyochimbiwa chini.
- Namba ya nahodha mwenye boti, kama mnacheza nje ya mji.

Kofia na mikanda ya kichwani haimo humu kwa makusudi. Haijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo katika mpira wa miguu, na mtoto aliyeivaa huingia kwa kichwa akijiona ana ngao.

## Hatua ya 1: Chagueni mtu mwenye neno la mwisho

Kocha anayetaka kushinda si mtu wa kuamua peke yake. Kabla ya mechi, timu zote mbili na refa zikubaliane juu ya mtu mmoja asiyehusika na matokeo: mwalimu, mzazi, mhudumu wa afya wa jamii. Akisema mtoto atoke, mtoto anatoka, na hakuna wa kumbembeleza.

Kama mna timu ya wasichana, awepo pia mwanamke wa kuwahudumia. Kukagua kichwa kilichofunikwa hijabu kunahitaji faragha, na jeraha lisilokaguliwa halionekani. Hijabu yenyewe inaruhusiwa katika sheria za mpira tangu 2014. Kinachokatazwa ni pini. Tumieni ile ya kuvuta, isiyofungwa kwa chuma.

Kubalianeni pia kuhusu mabadiliko. Tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka mchezaji wa ziada wa kumbadili aliyeshukiwa kupata mtikisiko, bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida. Wekeni kanuni hiyo hata kwenye bonanza la mtaa. Kocha aliyemaliza mabadiliko ndiye anayemrudisha mtoto mgonjwa uwanjani, kwa sababu hataki kucheza pungufu.

Mmefaulu ikiwa: kila mchezaji anaweza kumtaja mtu huyo kwa jina.

## Hatua ya 2: Kagua uwanja na mpira

Sukuma kila goli kwa mikono miwili. Likitikisika, lifungeni mifuko ya mchanga nyuma au msicheze. Goli linaloanguka juu ya mtoto ni hatari kuliko mchezaji yeyote.

Ondoeni mawe, na mstari wa pembeni uwe hatua tano au zaidi kutoka ukuta wa matumbawe. Pwani ya Shela, maji yakipwa, mchanga wenye unyevu hugangamaa kama saruji. Mazoezi ya kuruka na kuanguka fanyeni juu zaidi, penye mchanga mkavu.

Mpira uwe wa umri wao: namba 3 chini ya miaka 9, namba 4 kwa miaka 9 hadi 12, namba 5 kuanzia 13. Sheria inaruhusu upepo kati ya 8.5 na 15.6 kwenye kipimo cha pauni. Kwa watoto kaeni karibu na 8.5, na mpime tena mpira ukiwa umekaa juani, maana joto huongeza upepo. Mpira uliochubuka ngozi hunyonya maji ukawa mzito. Huo ni wa kupiga kwa miguu tu.

## Hatua ya 3: Pima kugusana katika mazoezi

Hapa ndipo kocha ana uwezo mkubwa, na hapa ndipo wengi hawafanyi lolote. Mechi ni moja kwa wiki. Mazoezi ni matatu au manne. Mgongano wa mazoezini hauna hata faida ya bao.

Kwa kila zoezi jiulize maswali matatu. Je, kugusana huku kunamfundisha jambo ambalo hawezi kujifunza kwa namna nyingine? Je, miili inalingana? Je, anayegongwa anaona pigo linakuja? Jibu la "hapana" kwa lolote kati ya hayo linatosha kubadilisha zoezi.

Swali la pili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa mazoezi ya mtaani huchanganya mtoto wa miaka 11 na kijana wa 16. Msiwagawe kwa umri pekee. Wapangeni mstari kwa kimo na uzito, kisha wagawanyeni. Kijana aliyebaleghe mapema asikabiliane na mtoto ambaye shingo yake bado ni nyembamba, kwani shingo ndiyo inayozuia kichwa kisitikisike.

Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, viwango tunavyopendekeza ni hivi:

- Chini ya miaka 11: hakuna kabisa mazoezini. Marekani walipiga marufuku kwa umri huu mwaka 2015, na Uingereza ikaondoa mazoezi hayo kwa watoto wa msingi mwaka 2020.
- Miaka 11 hadi 13: kipindi kimoja kwa wiki, vichwa 5 kwa kila mtoto, mpira ukirushwa kwa mkono kutoka mita 3 hadi 5. Anza kwa mpira laini au puto.
- Miaka 14 hadi 16: kipindi kimoja kwa wiki, visizidi 10. Mfundishe kuukabili mpira kwa paji la uso, kukaza shingo, na kuangalia nani yuko jirani kabla ya kuruka.

Sababu ya mafunzo hayo ya mwisho ni kwamba mara nyingi kinachomuumiza anayepiga kichwa si mpira. Ni kichwa cha mwenzake, kiwiko, au ardhi. Kwa hivyo refa wa mazoezi apige filimbi kwa kila mkono unaoinuka juu ya bega, hata kama haukumgusa mtu.

Kukabana kwa nguvu zote kuwe siku moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, na isiwe kesho yake mechi. Msidhani hilo ni ulegevu: tangu 2021 World Rugby, shirikisho la raga duniani, inashauri wachezaji wa kulipwa, watu wazima wenye misuli, wasizidi dakika 15 za kugongana kamili kwa wiki mazoezini.

Kosa la kawaida: zoezi la makipa ambapo washambuliaji wanapiga shuti kwa karibu, mmoja baada ya mwingine, kipa akiwa bado hajasimama. Mpira usiotarajiwa, kutoka mita 4, unamkuta shingo ikiwa imelegea. Subirini asimame na ainue mkono.

## Hatua ya 4: Simamisha na utazame

Ukiona mgongano wa kichwa, filimbi hapo hapo. Usisubiri mpira utoke.

Unapomwendea, tazama kabla ya kuuliza. Mtoto aliyepata mtikisiko mara nyingi amepigwa na bumbuwazi: macho yako kwenye mpira, lakini hayaufuati. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Anainuka kwa kuegemea goti, anapepesuka, anaenda upande usio wake. Mtazame akifunga kamba ya kiatu. Vidole vinaitafuta kamba, vinaishika, vinaiachia, kana kwamba ni kamba ya mtu mwingine.

Kuzimia hata sekunde mbili, kukakamaa mikono baada ya kuanguka, kupepesuka, kutojua alipo: moja tu kati ya hizo inatosha kumtoa.

Mtoto aliyelala bila kujibu achukuliwe kuwa ameumia shingo. Usimkalishe, usimvute mikono, usimpige makofi usoni, usimnusishe kitunguu. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, anzeni kumfufua (kukandamiza kifua na kupuliza pumzi) na mwite msaada. Kama anapumua, mtu mmoja ashike kichwa na shingo visiyumbe, asiachie. Akitapika, mgeuzeni wote kwa pamoja, kichwa, shingo na mwili vikienda kama gogo moja.

## Hatua ya 5: Dalili za hatari

Hizi ndizo za kuandika kwenye kadi. Ukiona hata moja, hospitali sasa hivi:

- maumivu ya shingo, au shingo ikiguswa anaruka;
- alizimia, au anazidi kusinzia na hajibu vizuri;
- degedege;
- anaona viwili viwili, au haoni;
- udhaifu, ganzi au kuwaka moto mikononi au miguuni;
- anatapika tena na tena;
- kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua;
- anazidi kuchanganyikiwa, kuhangaika au kuwa mkali kinyume na tabia yake;
- fuvu limebonyea, au majimaji au damu zinatoka puani au sikioni.

Mjini, mpelekeni hospitali ya King Fahd kwa machela, watu wanne, mwendo wa kulingana. Punda hafai kwa mwenye maumivu ya shingo au aliyezimia, kwa kuwa kila hatua yake ni mtikiso mpya.

Mkiwa Faza, Siyu au Kizingitini, anzeni na hospitali ya Faza. Asubuhi ya mechi ulizeni maji yanajaa na kupwa saa ngapi: mkondo wa Mkanda, njia ya boti ya kwenda Lamu mjini kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki maji yakiwa yamekupwa, na boti mliyoitegemea inaweza kulazimika kuzungukia baharini. Mtoto alazwe sakafuni mwa boti juu ya kitu laini, katikati kuelekea nyuma, wala si omoni ambako wimbi hupiga zaidi. Mwambieni nahodha apunguze mwendo. Dakika kumi zaidi za safari ni bora kuliko kumgongesha kwenye kila wimbi. Bara, namba ya gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu ni 1199; mpigieni mapema likutane nanyi Mokowe.

## Hatua ya 6: Mtoe, na leo asirudi

Hakuna dalili ya hatari? Bado anatoka. Mketishe kivulini, barafu ndani ya leso dakika 10 pale penye uvimbe, mtu mzima kando yake.

Achana na swali la "uko sawa?" Mtoto anayependa mpira atajibu ndiyo hata akiona nyota. Muulize haya, polepole:

"Mwanangu, tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda?"

Wa chini ya miaka 12 muulize kama alasiri imeshaadhiniwa, leo asubuhi amesoma nini, mwalimu wake anaitwa nani. Kisha uliza kuhusu kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumuumiza macho, mlio masikioni, kuhisi kama yuko ndani ya ukungu.

Akikosea, una uhakika zaidi. Akipatia yote, hujathibitisha lolote. Maswali haya ni ya kuongeza shaka. Hayana uwezo wa kumruhusu mtu kurudi, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata hadi kesho.

Sababu ya ukali huu: ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona, dalili huwa nzito na kupona kunachelewa. Na kwa watoto na vijana kuna hali adimu ambapo pigo la pili, hata dogo, linafanya ubongo uvimbe ghafla na mtoto kufariki. Hakuna fainali ya kombe la mtaa yenye thamani hiyo.

Mmefaulu ikiwa: mtoto amekaa nje hadi mwisho, amevuliwa njumu. Zifungieni kwenye mkoba wa kocha. Aliye na viatu miguuni huponyoka akarudi.

## Hatua ya 7: Mkabidhi kwa mtu mzima

Asiende nyumbani peke yake, asipande baiskeli, asiogelee. Mfikishe mlangoni. Kama huwezi, piga simu kabla hajaondoka, na sema wazi:

"Asalamu aleikum, mama Swaleh. Ni kocha. Swaleh amegongwa kichwa saa kumi na moja kasorobo, alipepesuka na hakukumbuka nani alifunga. Anaongea vizuri sasa, lakini asiachwe peke yake. Nakutumia orodha ya dalili. Ukiona moja, mpeleke hospitali bila kunisubiri."

Saa, alichofanya, cha kutazama. Usiseme "amepata kidogo tu". Neno hilo limewafanya wazazi wengi walale usingizi mzito usiku ambao walihitajika macho.

## Hatua ya 8: Usiku wa kwanza na siku mbili zake

Saa 3 za mwanzo mtu awe naye muda wote. Kulala anaruhusiwa, na usingizi unamsaidia. Alale chumba kimoja na mtu mzima, aangaliwe pumzi na rangi. Kama hamkumwona mhudumu wa afya, mwamsheni mara moja au mbili usiku ajibu jina lake. Asipoamka kirahisi, hiyo ni dalili ya hatari.

Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini asipewe, na ibuprofeni aepukane nayo siku ya kwanza kwa sababu ya hofu ya damu kuvuja. Kichwa kisichuliwe na shingo isinyooshwe na mkandaji.

Siku 2 apumzike kwa kiasi: kutembea nyumbani, kukaa barazani, kuongea. Kumfungia gizani siku nzima kulishauriwa zamani, na sasa inajulikana kunachelewesha kupona. Simu na michezo ya video iwekwe kando siku hizo mbili. Katika Ramadhani kumbukeni kwamba ugonjwa ni udhuru. Kichwa kinachouma kwa njaa na kiu huwezi kukitenganisha na kile kinachouma kwa pigo.

Picha ya kichwa hospitalini ikitoka safi, msichanganyikiwe. Inaonyesha damu na mpasuko. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo.

## Hatua ya 9: Rudi kwa ngazi

Shule na chuo (madrasa) kwanza, uwanja baadaye. Mwambieni mwalimu na ustadh: nusu siku, mapumziko kila dakika 30, asikalishwe juani, asilazimishwe kuhifadhi sura mpya wiki hiyo. Kuhifadhi ni kazi nzito kwa ubongo, na mtoto anayesahau aya aliyoijua si mvivu.

Kisha mazoezi. Kila ngazi iwe saa 24 au zaidi:

1. Shughuli za kawaida za nyumbani.
2. Kutembea haraka dakika 10 hadi 15, kisha kukimbia taratibu. Aweze kuongea akikimbia.
3. Kukimbia na kugeuka na mpira, peke yake, bila mtu karibu.
4. Pasi na mazoezi ya timu yasiyo na kugusana.
5. Mazoezi kamili ya kukabana.
6. Mechi.

Katika ngazi 3 za mwanzo, kichwa kikiuma kidogo zaidi na kikatulia ndani ya saa moja, si tatizo. Kikizidi, asimame, arudi ngazi ya chini kesho. Ngazi ya 4 haiguswi kabla dalili zote hazijaisha na mtoto hajarudi shule siku nzima.

Kwa timu isiyo na daktari, fuateni kalenda ya Uingereza ya mwaka 2023: siku ya kugongwa ni sifuri, asiingie mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa hadi amalize siku 14 bila dalili, asicheze mechi kabla ya siku ya 21. Hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari mbele ya mzazi, na tarehe ya kurudi izungushiwe duara. Watu wataibembeleza. Tarehe iliyoandikwa ni ngumu kubembeleza kuliko kocha.

Watoto wengi hupona ndani ya wiki 4. Dalili zikivuka hapo, au kama huu ni mtikisiko wa pili katika msimu mmoja, aonwe na daktari kabla ya ngazi ya 5, hata ikimaanisha safari ya Mombasa. Nendeni na lile daftari: tarehe, saa, namna alivyogongwa, majibu ya maswali, na ngazi aliyokwamia.